Mkono mdomoni, vidole kichwani: nani anaelewa ishara zetu uwanjani?

Tarehe 6 Januari 2026, kule Rabat nchini Maroko, Léopards walitolewa kwenye Kombe la Afrika, CAN, na Algeria. Bao lilikuwa moja tu, la dakika ya 119, wakati watu walikuwa wamekwisha kujitayarisha kwa penalti. Liliuma. Lakini kesho yake hapa Goma, mazungumzo hayakuwa sana juu ya bao. Yalikuwa juu ya Mohamed Amoura, mshambuliaji wa Algeria, ambaye mechi ilipoisha alisimama wima, akainua mkono mmoja kama sanamu, kisha akajiangusha chini.

Aliyekuwa anaigizwa ni Michel Kuka Mboladinga, yule shabiki wa Kongo aliyejulikana dunia nzima kwenye CAN hiyo. Suti ya rangi za bendera, miwani, nywele zilizopasuliwa kando, mkono wa kuume juu, bila kutikisika tangu mwanzo wa mechi mpaka mwisho. Wenzake wanapiga ngoma na kucheza, yeye kimya. Anamuigiza Patrice Lumumba, sawa vile Lumumba anavyosimama kwenye sanamu yake kule Limete, Kinshasa.

Hasira ilipanda haraka. Amoura aliomba msamaha hadharani, akaeleza kwamba hakujua yule mtu anawakilisha nini, kwamba alitaka kufanya mzaha tu bila nia mbaya. Wengine walimukubali, wengine hapana. Lakini kwenye simu zetu maneno yalikuwa yamekwisha kumupita Amoura mwenyewe. Yakawa juu ya Waarabu wote: eti hawaheshimu wafu, eti ndiyo utamaduni wao, eti wako hivyo tangu zamani.

Ndiyo sababu tunaandika hii makala. Wakongomani tumetumia uwanja wa mpira mara nyingi kusema mambo ambayo hatuna mahali pengine pa kuyasemea. Na karibu kila mara, anayetazama kutoka mbali amesoma ishara yetu kwa macho ya kwao. Tunalalamika, na tuko na haki ya kulalamika. Swali ni kama sisi wenyewe tunasoma ishara za wengine vizuri kuliko hapo.

Mtu asiyekuwa na maiti

Tuanze na Lumumba mwenyewe, kwa vijana ambao wanamujua kwa jina tu. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Mfalme Baudouin alisimama Kinshasa (wakati huo Léopoldville) akasifu kazi ya Wabelgiji mu Kongo. Lumumba, waziri mkuu, hakuwa amewekwa kwenye orodha ya wasemaji. Alisimama hata hivyo, akakumbusha matusi, viboko, kazi za nguvu, na namna mweusi alivyoitwa «wewe» kama mtoto mdogo. Kule Ulaya wengi waliongea juu ya adabu yake kuliko juu ya ukweli wa maneno yake. Walimuona amemukosea mgeni heshima.

Miezi sita na nusu baadaye, tarehe 17 Januari 1961, aliuawa kule Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mwili wake uliharibiwa kwa asidi. Kilichobaki ni jino, ambalo polisi mmoja Mbelgiji alikuwa amelichukua, na ambalo Ubelgiji ililirudisha kwa familia mwezi wa Juni 2022.

Sasa rudi uwanjani Rabat. Mtu anasimama dakika 90, na siku ya Algeria dakika 120, bila kusema neno, kwa ajili ya mtu ambaye alinyimwa hata maiti. Mwenye kujua hiyo historia hawezi kucheka. Asiyeijua anaona mtu mwenye suti amesimama kama nguzo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na hapa kuna jambo ambalo waliotuma zile audio za WhatsApp hawakulijua wao pia. Mwezi wa Desemba 1958, Lumumba alikwenda Accra kwenye mkutano wa watu wa Afrika ulioitishwa na Kwame Nkrumah. Mule ndani alikuwepo Frantz Fanon, amekuja kwa niaba ya wapiganaji wa uhuru wa Algeria. Lumumba alirudi kutoka Accra akiwa na moto mwingine kabisa. Kwa hiyo Algeria haiko nchi ya kigeni kwa jina la Lumumba. Kijana mmoja wa mpira hakufundishwa, ao alisahau. Ni kosa lake. Kulifanya kuwa kosa la taifa zima, hata kosa la Waarabu wote, ni jambo lingine.

Mwepu: miaka 36 ya kuchekwa

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa zamani, na wengi wetu tumeuona kwenye video bila kuuelewa.

Mwaka 1974, Zaïre ilikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Ilikuwa imetoka kubeba Kombe la Afrika kule Misri mwaka ule ule, na Ndaye Mulamba alikuwa amepachika mabao 9 peke yake, rekodi iliyobaki mpaka leo. Mobutu aliwapa wachezaji nyumba na magari. Walikwenda Ujerumani Magharibi kama mashujaa.

Mechi ya kwanza, tarehe 14 Juni, Scotland ikawafunga 2-0. Haikuwa mbaya. Kisha habari ikatoka kwamba pesa walizoahidiwa hawatazipata, zimekwisha kuliwa na wakubwa waliosafiri nao. Wachezaji walitaka kukataa kucheza. Wakaingia uwanjani bila moyo, tarehe 18 Juni, na Yugoslavia ikawapiga 9-0. Katika mechi hiyo Ndaye alipewa kadi nyekundu kwa kosa la kumupiga mwamuzi teke, kosa ambalo hakulifanya yeye. Aliyepiga teke ni mwenzake, Mwepu Ilunga. Mwamuzi hakuweza kutofautisha mweusi mmoja na mwingine. Acha tupite hapo, lakini mukumbuke.

Ilibaki Brazil. Mwepu alikuja kueleza baadaye kwamba walinzi wa Mobutu walifika hotelini, wakafunga milango kwa waandishi wa habari, na wakawapa ujumbe: mukifungwa zaidi ya 3-0, hakuna mtu atarudi nyumbani. Tarehe 22 Juni, kule Gelsenkirchen, Brazil ilikuwa na haja ya mabao matatu ili iendelee. Ikiwa inaongoza, ikapata mpira wa adhabu karibu na goli letu. Wabrazil wanapanga nani atapiga. Mara Mwepu, mlinzi namba 2, anatoka mbio kwenye ukuta, anaupiga mpira mbali kabisa, kabla Mbrazil yeyote hajaugusa. Kadi ya njano. Wabrazil wanacheka. Brazil ilimaliza na 3-0 kamili.

Ile picha imezunguka dunia kwa miaka. Imewekwa kwenye kaseti za vichekesho vya Kombe la Dunia. Watangazaji wa Ulaya walieleza kwamba maskini Waafrika hawajui hata sheria za mpira. Lakini huyu alikuwa mchezaji wa TP Englebert, ile inayoitwa leo TP Mazembe, ekipe ambayo ilibeba kombe la vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968. Mtu wa namna hiyo hajui kwamba mpira wa adhabu unapigwa na upande wa pili?

Mwaka 2010, Mwepu aliiambia BBC kwamba alifanya kwa makusudi. Sheria alizijua vizuri. Hakuona sababu ya kuendelea kujiumiza wakati wale watakaokula pesa wamekaa kwenye viti. Alitumaini hata kupewa kadi nyekundu. Alifariki mwaka 2015. Kuanzia 1974 mpaka 2010 ni miaka 36 ambayo dunia ilikuwa inacheka mtu aliyekuwa anagoma.

Iko watu wanaosema aliitengeneza hiyo hadithi baadaye ili kuficha haya, na kwamba usiku ule alichanganyikiwa tu kwa woga. Inawezekana yote mawili yalikuwemo: woga na hasira. Mtu aliyeambiwa hatarudi kwao akifungwa bao la nne hawezi kuwa na kichwa baridi. Lakini hata ukichukua maelezo ya woga, bado hakuna mahali ambapo «hajui sheria» inaingia. Hilo jibu lilichaguliwa juu lilikuwa rahisi, na juu lilifanana na kile ambacho watazamaji walikuwa wamekwisha kukiamini juu ya Afrika kabla mechi haijaanza.

Abidjan, tarehe 7 Februari 2024

Hii wengi tuliiona kwa macho. Nusu fainali ya CAN, Léopards na Côte d'Ivoire, uwanja wa Ebimpé. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji na kocha Sébastien Desabre waliweka mkono mmoja mdomoni, na vidole viwili vya mkono wa pili kwenye kichwa, kama bunduki. Hakukuwa na bango, hakukuwa na hotuba. Walifungwa 1-0 kwa bao la Sébastien Haller, lakini picha ambayo magazeti mengi ya nje yalichukua ni ile ya wimbo wa taifa.

Kwa sisi hapa haikuhitaji maelezo. Siku zile zile mapigano yalikuwa yanazunguka Sake, kilometa kama 25 kutoka hapa, na watu walikuwa wanaingia Goma na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya, kote kulikuwa kumejaa. Ukiwa na mkono mdomoni maana yake: tunauawa na hakuna mtu anaongea. Kabla ya mechi, Cédric Bakambu alikuwa ameandika kwenye mtandao kwamba watu wote wanaona mauaji ya mashariki na watu wote wananyamaza, akaomba kwamba nguvu inayotumika kuonyesha CAN itumike pia kuonyesha yanayotupata.

Kwa mtu wa nje, ilihitaji maelezo kidogo. Na safari hii, tofauti na Mwepu, maelezo yalikuja siku ile ile, kutoka mdomo wa wachezaji wenyewe. Ndiyo sababu ilieleweka. Mwepu alikuwa peke yake, bila simu, na nyuma yake Mobutu. Kama angesema ukweli wake kule Gelsenkirchen usiku ule, familia yake ndiyo ingelipa.

Sasa linganisha na mkono mwingine mdomoni. Tarehe 23 Novemba 2022, Doha, Kombe la Dunia la Qatar. Kabla ya kucheza na Japani, wachezaji wa Ujerumani walipiga picha ya ekipe, wote mkono mdomoni. FIFA ilikuwa imewakataza kuvaa kitambaa cha OneLove, ambacho kilikuwa cha kuunga mkono, pamoja na mengine, watu wenye mapenzi ya jinsia moja, kitu ambacho sheria ya Qatar inakataza. Walisema: kutunyima kitambaa ni kutufunga mdomo. Walifungwa na Japani 2-1.

Siku nne baadaye, kwenye mechi ya Ujerumani na Uhispania, watazamaji kadhaa mule uwanjani waliinua picha za Mesut Özil na kujifunika midomo. Özil, Mjerumani mwenye asili ya Uturuki, alikuwa ameacha timu ya taifa mwaka 2018 akisema kwamba akishinda anaitwa Mjerumani, akishindwa anaitwa mgeni. Ujumbe wa wale watazamaji ulikuwa wazi: munakuja kutufundisha haki za watu, ninyi mulimutendea Özil namna gani?

Mkono ni ule ule na mdomo ni ule ule, lakini kazi si moja. Wajerumani walikwenda kwenye nyumba ya mtu wakasema jambo juu ya namna ile nyumba inavyoendeshwa. Léopards walikwenda Abidjan na hawakuwahukumu Waivori kwa lolote. Walibeba maiti zao wakaziweka katikati ya uwanja ili zionekane. Mashabiki wa Côte d'Ivoire hawakuwa na sababu ya kujiona wametukanwa.

Sisemi Wajerumani hawakuwa na haki ya kusema. Wafanyakazi kutoka Nepali, Kenya na kwingine waliteseka kujenga ule mji, na kuna mambo ya Qatar ambayo mtu yeyote mwenye macho angeyauliza. Lakini ukihukumu nyumba ya mwenzako, jua kwamba ataangalia yako. Ni bei ya kawaida, na Wajerumani walishangaa kuilipa.

«Musichanganye mpira na siasa»

Hilo neno tunalisikia sana. Lina msingi wake. Sheria namba 4 ya mpira inakataza mchezaji kuvaa maandishi ya siasa, ya dini ao ya mtu binafsi. Sababu inaeleweka: kama kila ekipe ingeingia na ugomvi wake, mechi zingeisha kabla ya kuanza.

Shida iko kwenye kupima. Urusi iliingia Ukraine tarehe 24 Februari 2022. Tarehe 28, siku nne baadaye, FIFA na UEFA zilikuwa zimekwisha kuisimamisha. Kwa hiyo mpira unaweza kuchukua msimamo wa siasa, na kwa haraka, ikitaka. Mtu wa Rutshuru ao wa Masisi ambaye amekimbia mara tatu, mara nne, akisikia kwamba michezo haina siasa, anahesabu zile siku nne kwenye vidole vyake.

Halafu kuna jezi. Kuanzia 2018, Arsenal ilivaa «Visit Rwanda» kwenye mkono. Paris Saint-Germain iliingia mwaka 2019, Bayern Munich mwaka 2023. Hiyo haihesabiwi kuwa siasa juu ni biashara. Mwanzoni mwa Februari 2025, siku chache baada ya M23 kuingia Goma, waziri wa mambo ya nje Thérèse Kayikwamba Wagner aliziandikia hizo timu tatu akiziomba ziache hiyo pesa. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimesema mara nyingi kwamba jeshi la Rwanda linaisaidia M23. Kigali imekana mara nyingi vilevile, inasema inajilinda na FDLR, na juu ya zile barua ilijibu kwamba Kinshasa inaeneza uongo na kufanya shinikizo.

Matokeo hayakuwa sawa. Bayern, mwezi wa Agosti 2025, iliacha matangazo ikabakisha kazi ya kufundisha watoto mpira kule Rwanda. Arsenal ilitangaza Novemba 2025 kwamba mkataba utaisha na msimu wa 2025-2026. PSG, kinyume chake, iliongeza mpaka 2028, na Atlético Madrid ikaingia kama mpya. Kilichoisukuma Arsenal, kwa sehemu, ni mashabiki wake wenyewe. Kundi moja lao, Gunners for Peace, liligawa vitambaa vya mkono vilivyoandikwa «Visit Tottenham». Kwa asiyejua, Tottenham ni maadui wa Arsenal wa tangu zamani, na shabiki wa Arsenal kuvaa jina la Tottenham ni kama shabiki wa V.Club kuvaa rangi za Mazembe. Walitaka kusema kwamba kitu chochote ni afadhali. Ni mzaha, lakini wa mtu anayejua anachocheza nacho.

Na sisi? Mwaka 2025 serikali ya Kinshasa nayo ilisaini: AS Monaco, AC Milan, na FC Barcelona kwa miaka minne, mkataba ambao uliripotiwa kupita milioni 40 za euro. Ukikataa jezi ya jirani kwamba inapamba nchi kwa pesa ambayo ingefanya kazi nyingine, ujue namna utakavyojibu mwalimu wa Kivu ambaye hajalipwa akikuuliza juu ya mgongo wa Barcelona. Mimi jibu lake sina, na sijasikia mtu wa serikali akilitoa vizuri.

Tendo na watu

Je, kuna wakati ambapo kuhukumu mwingine kupitia mchezo ni haki? Afrika ilikwisha kujibu, na ilijibu ndiyo. Serikali ya wazungu wa Afrika Kusini ilikuwa inasema ubaguzi ni mpangilio wao wa ndani, kila kabila kwa mila yake, mgeni asiingilie. Mwaka 1976 New Zealand ilipeleka ekipe yake ya ragbi kucheza kule, wakati ambapo watoto wa Soweto walikuwa wamepigwa risasi mwezi wa Juni. Nchi zaidi ya 20, nyingi za Afrika, zikasusia Olimpiki ya Montréal kwa sababu New Zealand ilikubaliwa kushiriki. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Filbert Bayi, Mtanzania aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500, hakukimbia, na dhahabu ikachukuliwa na John Walker, wa New Zealand hiyo hiyo. Fikiria mtu aliyejitayarisha miaka minne.

Lakini tazama vizuri kile kilichohukumiwa. Hawakusema Makaburu ni watu wabaya kwa damu, ao lugha yao ni mbaya, ao kanisa lao. Walisema: sheria hii, inayomuzuia mtu kuingia mahali kwa rangi yake, hatutacheza nayo. Sheria ilipoondoka, Afrika Kusini ilirudi, na mwaka 1996 ikabeba Kombe la Afrika na wachezaji wa rangi zote.

Hapa Goma hilo jambo haliko la vitabu. Mkono mdomoni wa Léopards ulisema juu ya mauaji. Haukusema juu ya kabila. Lakini uwanjani na kwenye vibanda vya kutazamia mpira ishara haibaki mahali ilipowekwa. Nimesikia, na wewe umesikia, mtu anaanza na jezi ya Arsenal, anapita kwa Kagame, na anamalizia kwa jirani yake anayeongea Kinyarwanda ambaye babu yake alizaliwa Rutshuru, ambaye yeye mwenyewe alilala kwenye kambi ya wakimbizi, na ambaye siku ya nusu fainali aliweka mkono mdomoni kama wengine. Neno linalotumika ni lile lile la zile audio juu ya Waarabu: «ndiyo utamaduni wao». Ukilisikia hilo neno, angalia kama kuna tendo lililotajwa, mtu aliyelifanya, na tarehe. Mara nyingi hakuna.

Upande wa pili nako ni vilevile. Kuna wanaosema kwamba ishara ya Léopards ilikuwa ya chuki, kwamba mtu yeyote aliyeiweka anachukia Wanyarwanda. Hilo nalo ni kusoma ishara ya mwenzako kwa macho yako tu. Wachezaji walieleza maana yake. Kama mtu ana shaka, aanzie kwenye maelezo yao, kisha aseme ni wapi walidanganya.

Na uwanja wenyewe hauna upande. Stade de l'Unité, hapa katikati ya mji, tumecheza mpira humo, tumesali humo, na tarehe 6 Februari 2025 Corneille Nangaa aliitisha mkutano humo, watu wakajaa. Nani alikwenda kwa moyo, nani kwa kuogopa kutoonekana, nani kutazama tu? Picha kutoka juu inaonyesha vichwa. Aliyeitazama akiwa Brussels ao Kinshasa akasema «watu wa Goma wamekubali» alifanya kosa lile lile la mtangazaji wa 1974.

Kwa sasa jezi za Arsenal bado ziko Virunga na Birere, za mitumba na za Kichina, «Visit Rwanda» kwenye mkono, na vijana wanazivaa. Wengi walizinunua kwa sababu ya Saka, wengine juu ilikuwa ndiyo jezi ya bei ndogo siku ile. Mkataba ulipangwa kuisha mwezi wa Juni 2026, lakini nguo ya mitumba haina mkataba. Itabaki barabarani miaka mingine mitano, na ukimukuta nayo kijana kwenye pikipiki, cha kwanza ni kumuuliza anashabikia nani.